Saa Katika Mtoto wa Meza

Wako watu wajifunzao ufundi kwa kuupenda, na wako wajifunzao kwa haja ya kula. Mimi nalijifunza kutengeneza saa kwa aibu. Umri wangu ni miaka arobaini na kitu. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Na shahada yangu ya udaktari imetundikwa ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona. Hapana hata moja katika haya lililonitayarisha kushika parafujo iliyo ndogo kuliko chembe ya ufuta. Kilichonifikisha huko ni saa moja ya mkono iliyokaa miaka miwili katika meza yangu, na uongo mmoja niliousema juu yake.

Saa hiyo ilikuwa ya marehemu baba yangu. Aliinunua mwaka 1971, katika mishahara yake ya kwanza ya ualimu wa shule ya msingi huko Tanga. Ni saa ya Uswisi ya kutia ufunguo. Haina betri, wala haijitii yenyewe kwa mwendo wa mkono. Uso wake ulikuwa mweupe, na sasa umegeuka rangi ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Chini ya jina la kiwanda pameandikwa kwamba ndani yake mna vito 17. Utoto wangu wote nalidhani vito hivyo ni akiba ya nyumba, na kwamba siku tutakapofikwa na shida kubwa baba ataifungua saa, atoe kito kimoja, tukale. Kila alfajiri aliitia ufunguo kwa kidole gumba na kidole cha shahada, polepole, kama mtu avutaye tasbihi. Kisha alinisogezea sikioni niisikilize.

Kwa saa hiyo ndipo nilipojifunza kusoma majira. Msomaji ajua tulivyo sisi Waswahili: akrabu fupi huelekea saba ya asubuhi, nasi husema saa moja, huelekea kumi na mbili ya adhuhuri, nasi husema saa sita. Mgeni hushangaa, lakini hesabu yetu hufuata jua, na katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halibadili sana wakati wake wa kuchomoza mwaka mzima. Baba alinipa njia nyepesi. "Usitazame inapoelekea akrabu," alisema, "tazama ng'ambo yake." Ni kweli: ng'ambo ya saba ni moja, ng'ambo ya kumi ni nne. Kabla sijajua kusoma kitabu, nalijua kwamba maana ya kitu huweza kukaa ng'ambo ya pale kinapoonyesha.

Mwaka 2017 saa ikasimama. Baba alikuwa amestaafu. Fundi aliyemzoea pale mjini alikwisha kufariki, na waliobaki walikuwa mafundi wa kubadili betri. Nilipokwenda kumsalimu wakati wa likizo aliifunga katika leso, akanipa. "Mwanangu, wewe uko Dar es Salaam, mafundi wa zamani hawakosi huko. Nitafutie mmoja. Hapana haraka." Nikajibu, "Vyema, baba." Nikarudi kazini, nikaitia mahali ambapo lugha yetu hupaita mtoto wa meza, nikafunga.

Alinikumbusha mara tatu kwa simu. Mara ya kwanza nalimwambia kazi zimenisonga, na ilikuwa kweli. Mara ya pili nalimwambia ninatafuta fundi, na haikuwa kweli. Mara ya tatu nalisema, "Iko kwa fundi, baba, asema vifaa vyake ni adimu." Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Basi, labda imekwisha kazi yake. Usimsumbue fundi wa watu." Hakuniuliza tena. Mwaka 2019 alifariki dunia, na saa yake ilikuwa bado chini ya karatasi za mitihani, umbali wa mkono kutoka kiti changu.

Baada ya arobaini nalikwenda Kariakoo. Si mbali na Mtaa wa Msimbazi, katika baraza ya duka la vitambaa, alikaa fundi mzee nyuma ya kisanduku cha kioo. Wateja wengi walimjia kwa betri na mikanda tu. Dunia ilibadilika tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ilipoanza kuuza mjini Tokyo saa ya mkono inayoongozwa na kijiwe cha kwatsi kinachotetemeshwa kwa umeme. Na leo saa ya bei ndogo kabisa inayotandazwa chini barabarani huishinda saa kama ya baba kwa usahihi. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nitaitetea saa ya ufunguo kwa sifa isiyo yake.

Fundi alipachika kioo cha kukuzia katika jicho la kulia, akafungua mgongo wa saa, akatazama kwa muda usiotosha kumeza fundo la kahawa.

"Nani aliyekuambia imekufa?"

"Hapana aliyeniambia, mzee wangu. Ilisimama tu."

"Haina ugonjwa hii. Mafuta yamekauka, vumbi limeshikana nayo. Ina njaa. Ni kazi ya alasiri moja."

Alasiri moja! Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa. Nalikuwa nimeifundisha methali hiyo darasani miaka mingi, na hata siku moja sikufikiri kwamba njaa yenyewe huweza kuingia katika saa.

Kama ningalilipa ujira na kurudi jioni kuichukua, mambo yangalikwisha hapo. Lakini nalihisi kwamba deni hili halilipiki kwa mkono wa mtu mwingine. Nikamwomba anifundishe. Alicheka, akaniuliza umri wangu, kazi yangu, kama mikono yangu hutetemeka, na kama nina subira. Swali la mwisho nalilijibu upesi mno, naye akaliona hilo. Hata hivyo alikubali, kwa sharti kwamba nisiiguse saa ya baba kwa muda wa mwaka mmoja. Akafungua kopo, akatoa mtambo wa saa ya mfukoni, mkubwa, usio na uso wala akrabu. "Anza na huu," alisema. "Huu hauna mtu anayeusubiri."

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi sikuwa mwana wa mhunzi, lakini nalivukuta. Miezi miwili ya kwanza sikufanya ila kunoa bisibisi na kuhamisha parafujo kwa kibano kutoka kisahani hiki hadi kile, nirudishe, nihamishe tena. Nalikwenda kwake kila Jumamosi. Siku nyingine nalijizoeza nyumbani, juu ya meza ya chakula iliyotandikwa kitambaa cheupe.

Mtambo wa saa ni mwepesi kuuelewa na mzito kuushika. Kamani, ambayo ni utepe wa chuma uliozingwa ndani ya kikopo, hutaka kujinyoosha. Nguvu yake hupita katika safu ya magurudumu yenye meno: moja huzunguka mara moja kwa saa, jingine mara moja kwa dakika. Kama pasingekuwa na kizuizi, nguvu ya siku nzima ingemwagika kwa nukta chache. Kwa hiyo mwisho wa safu pana kipande chenye umbo la nanga, ambacho huliruhusu jino moja lipite, kisha hulizuia lifuatalo. Nanga hiyo huamriwa na gurudumu la mizani, liyumbalo huku na huku kwa nguvu ya kamani ya pili, nyembamba kama unywele. Kamani hii ya unywele ilitangazwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1675, na Mwingereza Robert Hooke akadai kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuifikiri. Wataalamu hawakuanza leo kugombania nani wa kwanza. Katika saa ya baba mizani hupiga mara 5 kwa nukta, mara 18,000 kwa saa, mara 432,000 kwa siku. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga kiasi cha mara 100,000 tu kwa siku.

Na vile vito 17 nalivijua hatimaye. Ni yakuti nyekundu zilizotengenezwa kwa moto viwandani, kwa njia iliyotangazwa na Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. Kazi yake ni kuzipokea ncha za magurudumu ili zisilike kwa kuzunguka. Bei yake ni ndogo. Tusingalikula hata mlo mmoja kwa akiba ya baba.

Makosa yangu yalikuwa mengi, nami nitayataja manne, kwa kuwa kila moja lilinifundisha zaidi ya nilivyotaka kufundishwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la kusahau. Kabla ya kuondoa daraja lishikalo magurudumu, fundi huinua komeo dogo huku ameshika kichwa cha ufunguo, akaiachia kamani ijinyooshe polepole kati ya vidole vyake. Nalilijua jambo hili. Nalikuwa nimeliandika katika daftari kwa wino mwekundu. Siku moja nalitia ufunguo kuujaribu mtambo, kisha nikaanza kuufungua bila kukumbuka. Parafujo ya mwisho ilipolegea magurudumu yalivuma kama nyuki, kisha pakawa kimya. Ncha ya gurudumu moja ilikuwa imekatika. Nalitambua usiku ule kwamba kuandika jambo na kulijua ni vitu viwili, nami kwa miaka mingi nimewapa wanafunzi alama kwa lile la kwanza.

Kosa la pili lilikuwa la kutosoma. Katika saa nyingi iko parafujo moja, karibu na kichwa cha ufunguo, inayofunguka kinyume cha nyingine zote. Waundaji wengi huitia alama: kichwani mwake huchora mistari mitatu badala ya mmoja. Mimi nalikaza nikidhani ninalegeza, mpaka kichwa kikakatika mikononi mwangu. Nalimpelekea fundi kipande hicho katika karatasi. Alikitazama, akasema, "Ilikuambia, Mwalimu. Hukuisoma." Sikuwa na la kujibu, mimi ambaye nalipwa mshahara kwa kusoma.

Kosa la tatu lilitokea ofisini. Nalikuwa nimechukua mtambo niufanyie kazi saa ya chakula cha mchana, jambo ambalo fundi alinikataza. Kijispringi cha komeo kiliruka kutoka katika kibano. Kila mwanafunzi wa saa ajua sauti hiyo, ambayo ni ndogo kuliko chafya ya paka, na woga unaoifuata. Nalipiga magoti, nikapapasa sakafu, nikatikisa mikunjo ya suruali. Mtoto wa meza alikuwa wazi. Nikadhani kimeingia humo, nikamvuta nje na kummwaga wote juu ya zulia.

Sikukipata kijispringi. Nalikuta sura mbili za tasnifu ya mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, zimefungwa kwa kibanio, na tarehe niliyoiandika mwenyewe siku alipozileta. Ilikuwa imepita miezi mitano. Zilikuwa mahali palepale palipokaa saa ya baba.

Nalizisoma usiku huo. Zilikuwa na kasoro za kawaida: mpangilio wa hoja ulijikwaa, na ushairi aliouchambua aliuheshimu mno asiweze kuuliza. Lakini hapakuwa na kilichovunjika. Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Asubuhi nalimpigia simu. Alikuwa amekwisha rudi kwao, anafundisha katika shule ya sekondari, na sauti yake ilikuwa ya adabu kama ya mtu azungumzaye na mgeni.

"Nilidhani kazi haifai, Mwalimu," alisema, "nikadhani umeona haya kuniambia. Nikaona nisikusumbue."

Nalishika simu kimya. Maneno haya nalikuwa nimeyasikia kwa sauti nyingine. Labda imekwisha kazi yake. Usimsumbue fundi wa watu. Hivi ndivyo tunavyowafanyia watu wanaotuheshimu: tunanyamaza, nao kwa heshima hiyohiyo huutafsiri ukimya wetu kuwa hukumu juu yao. Mtu asiyetuheshimu angalikuja kugonga mlango na kudai haki yake.

Kosa la nne lilitokana na bidii. Nilipofika kwenye somo la mafuta nalidhani kwamba, kwa kuwa saa ya baba ilisimama kwa njaa, dawa ni kuishibisha. Nikatia mafuta kila mahali palipong'aa. Fundi alitazama, akaguna, akaniamuru niufungue mtambo wote na kuuosha upya. Mafuta ya saa hutiwa kwa ncha ya sindano: mazito kidogo penye nguvu nyingi na mwendo mdogo, mepesi penye mwendo mwingi, na ncha za ile nanga hazitiwi kabisa, kwa sababu mafuta yangeukwamisha mwendo wake. Tone likizidi hutoka katika kito, likatambaa, likakusanya vumbi. "Kiu huua," alisema, "na mafuriko huua." Wiki ileile nalikuwa nimempelekea mwanafunzi wangu kurasa kumi na moja za masahihisho, ili kufidia miezi mitano. Naliporudi nyumbani nalimwandikia tena, nikamwomba aziweke kando zote ila mbili. Alichukua muda kurudi kuniamini, na sikuwa na haki ya kumharakisha. Lakini alirudi, akaikamilisha kazi yake.

Mwaka ulipotimia, mwishoni mwa 2020, fundi alinyoosha mkono kuelekea mfuko wangu wa shati, bila kusema neno. Nikaitoa saa ya baba. Tuliifungua pale barazani, naye akanipa kioo chake ili nitazame upande wa ndani wa mgongo.

Mafundi wana desturi ya kuchora kwa ncha ya sindano alama ndogo ndani ya saa waliyoihudumia, ili fundi ajaye ajue ilisafishwa lini. Mikononi mwangu palikuwa na safu ya tarehe, nyembamba kama nyuzi za buibui: 1975, 1979, 1984, 1988, 1993, 1998, 2003, 2009. Mara nane. Nalisoma na kusoma tena. Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi haukuwa mkubwa wakati wowote, na katika miaka ya mwanzo wa themanini sabuni na sukari zilikuwa za kupangia foleni. Lakini hata mwaka 1984 saa hii haikukosa mafuta. Baba hakutuambia neno juu ya hilo. Sisi tulidhani saa nzuri hutembea yenyewe. Baada ya 2009 palikuwa na nafasi tupu, na sehemu ya nafasi ile ilikuwa yangu.

Naliifanya kazi yote mwenyewe, Jumamosi tatu. Nalilegeza kamani kwanza. Nalipofika kwenye parafujo ya kinyume nalisoma mistari yake. Nalisafisha kila kipande kwa petroli safi, nikachokoa kila tundu la kito kwa kijiti kilichochongwa, nikakausha, nikapanga upya kwa utaratibu uleule uliorudishwa nyuma. Kufungua saa kulinichukua dakika ishirini. Kuijenga kulinichukua siku mbili. Nimezoea kufungua: katika taaluma yetu tunatenganisha mzizi wa neno na viambishi vyake, tunatenganisha shairi na vina vyake, na tukimaliza huona tumekwisha kazi. Mbele ya kisahani chenye vipande vilivyong'aa nalijua kwamba hapo nilikuwa bado sijafanya lolote, na kwamba baba asingaliweza kuvaa uchambuzi wangu mkononi.

Nalishusha mizani mahali pake kwa pumzi iliyozuiwa. Nalikaza parafujo ya daraja lake. Nikazungusha kichwa cha ufunguo nusu duara. Mizani ikayumba mara moja, ikasita, kisha ikaanza kwenda. Naliisogeza sikioni, na kwa muda fulani sikuweza kumjibu fundi alichoniuliza.

Alikuwa ananiuliza nitachora nini. Alinipa sindano. Sikuandika jina, kwa kuwa hakuna fundi aliyetangulia aliyeandika lake kwa namna ya kusomeka. Nalichora mwaka tu, 2020, chini ya ile nafasi tupu, wala sikuusogeza mwaka huo juu ili kuificha.

Saa hiyo iko mkononi mwangu sasa ninapoandika. Kwa siku nzima huchelewa kiasi cha nukta 20. Na kwa kuwa siku ina nukta 86,400, kosa lake ni fungu moja katika 4,320. Ipo njia ya kulipunguza, nami ninajifunza. Huitia ufunguo kila alfajiri. Akrabu yake inapoelekea saba, bado husoma ng'ambo yake.

Lakini nimemaliza kabla sijaeleza hukumu ya fundi. Jumamosi ya mwisho aliichukua saa, akaisikiliza kwa sikio la kushoto, akaifuatisha na saa ya ukutani ya duka kwa muda mrefu, wakati wateja wawili wa betri wakisubiri. Nalingoja kama mtahiniwa.

"Inachelewa, Mwalimu," alisema, akinirudishia. "Inachelewa kidogo. Lakini si kama ulivyochelewa wewe."

Kisha akamgeukia yule aliyetaka betri.